Shajara ya mradi: animesheni ya pete zinazoshika kromatidi dada

9 Januari

Mradi ni animesheni ya dakika sita kwa wanafunzi wa biolojia wanaoanza chuo. Inatakiwa ionyeshe jinsi seli inavyozishika pamoja nakala mbili za kila kromosomu, yaani kromatidi dada, kwa pete za protini iitwayo kohesini, tangu zinapotengenezwa hadi zinapoachana. Tuko watatu: mimi naandika muswada na kuhakiki sayansi, mwenzangu anachora na kuunda modeli kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D, na mwalimu wetu wa jenetikia anapitia kila kitu kabla hakijasonga mbele. Shajara naiweka ili kila uamuzi uwe na sababu iliyoandikwa mahali. Miezi miwili ikishapita hakuna atakayekumbuka kwa nini kitu fulani kilichorwa hivi na si vile.

Kilichonivuta ni jinsi vitabu vya kiada vinavyolipita jambo hili mbio. DNA inanakiliwa, kromatidi dada zinabaki zimeungana kwenye sentromea, kiuno cha kromosomu, nukta, fungua ukurasa wa mitosisi, mgawanyiko wa seli. Zimeungana kwa kitu gani? Nani alizifunga, na lini? Seli ya binadamu ina kromosomu 46 na takriban jozi bilioni 6 za besi. Kuzinakili zote huchukua saa 8 hivi, na baada ya hapo seli hukaa saa kadhaa zaidi kabla ya kugawanyika. Muda wote huo kromatidi 92 zimo ndani ya kiini chenye upana wa mikromita kumi hivi, na kila moja haina budi kwenda upande tofauti na pacha wake. Seli haina orodha ya nani ni ndugu wa nani. Haina namna ya kulinganisha nyuzi mbili baadaye na kuamua kwamba hizi zilizaliwa pamoja. Dawa yake ni kutoziacha zitengane tangu mwanzo.

Filamu yote imo ndani ya ile nukta.

13 Januari

Tumeiondoa herufi X kwenye mwanzo wa filamu. Michoro ya bure inayopatikana mtandaoni karibu yote inachora kromosomu kama X, na wanafunzi wengi wanafika chuoni wakidhani hilo ndilo umbo lake la kila siku. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya seli kromosomu ni uzi mmoja mrefu usio na dada. Hata baada ya kunakiliwa, dada hao wawili wameshikana urefu wao wote. Umbo la X hutokea kwa muda tu ndani ya mitosisi, mikono ikishaanza kuachia huku sentromea bado imeng'ang'ania.

Isitoshe, picha maarufu za X hupigwa kwenye seli zilizotiwa dawa ya jamii ya kolkisini, ambayo huvuruga spindeli, nyuzi zinazovuta kromosomu. Seli hukwama hapo kwa saa nyingi na mikono ya kromatidi hupata nafasi ya kufunguka kuliko ambavyo ingefunguka kama seli ingeachwa iendelee. Kwa hiyo X nzuri ya kitabuni ni picha ya seli iliyozuiwa njiani.

Mwalimu alisita. Anasema wanafunzi wanaijua X, ukiwanyang'anya mwanzoni utawapoteza. Tumekubaliana X itokee dakika ya tano, mtazamaji akishajua kwa nini mikono imefunguka na kiuno kimekaza.

16 Januari

Rangi. Mchoraji alitaka kromatidi moja iwe ya buluu, ile ya asili, na nyingine ya chungwa, nakala. Inavutia macho lakini haiwezekani: tangu jaribio la Meselson na Stahl la mwaka 1958 inajulikana kwamba kila DNA mpya hubeba uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Hakuna dada mkubwa hapa. Tumeamua kila kromatidi iwe na uzi mmoja wa buluu na mmoja wa chungwa. Kwa mbali zote mbili zitaonekana sawa, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu seli yenyewe inapozivuta haina kromatidi inayoipendelea.

22 Januari

Nimemaliza sehemu ya historia kwenye muswada. Itachukua sekunde 40 tu za filamu, ila bila hiyo mtazamaji hataelewa kwa nini pete ilikuwa jambo la kushtua.

Zamani kulikuwa na maelezo rahisi. DNA inaponakiliwa, nyuzi mbili zinazotoka huwa zimesokotana, kwa hiyo huenda kusokotana huko kwenyewe ndiko kunakozishika dada hadi kimeng'enya cha topoisomerasi II kije kuzisokotoa. Hilo lilipendekezwa miaka ya 1980. Mwaka 1987 Koshland na Hartwell walitumia kromosomu ndogo za duara ndani ya hamira na wakaona kwamba kabla ya anafezi, hatua ambayo dada huachana, hazikuwa zimesokotana, na bado zilikuwa zinagawanywa vizuri. Kwa hiyo lazima kuna kitu kingine, na kitu hicho yumkini ni protini.

Mwaka 1997 protini zenyewe zikajitokeza, kwa mara moja kutoka maabara mbili: ya Kim Nasmyth kule Vienna na ya Douglas Koshland kule Baltimore. Wote walifanya kazi na hamira, na wote walitafuta hamira ambazo kromatidi zake zinaachana kabla ya wakati. Jeni moja waliifikia wote wawili, kila maabara ikaipa jina lake: Scc1 na Mcd1. Kwenye filamu tunatumia Scc1. Katika binadamu protini hiyo inaitwa RAD21, na mwalimu amesisitiza jina hilo litokee angalau mara moja kwenye maandishi ya chini, kwa sababu ndilo mwanafunzi atakalolikuta akisoma kuhusu saratani.

29 Januari

Modeli ya kohesini iko tayari. Inapendeza kuitazama. Smc1 na Smc3 ni protini ndefu, kila moja imejikunja katikati na kurudi juu yake yenyewe, ikawa fimbo yenye urefu wa nanomita 50 hivi. Ncha moja ya fimbo hizo mbili zinaungana kwenye bawaba. Ncha nyingine kuna vichwa vinavyoshika na kuvunja ATP, molekuli inayobeba nishati. Scc1 inafunga vichwa hivyo kwa chini, na protini ya nne, Scc3, imejiegemeza kwa Scc1. Ukizijumlisha unapata pete yenye viungo vitatu, na kila kiungo ni mahali ambapo pete inaweza, kwa nadharia, kufunguka.

Wazo la kwamba pete hiyo inazizingira DNA zote mbili ndani yake lilitoka kwenye kundi la Nasmyth mwaka 2002 na 2003. Lilionekana rahisi mno. Protini nyingi hushika DNA kwa kugusana nayo, chaji kwa chaji. Hii ingeshika bila kugusa chochote, kwa kuwa tu imeizunguka.

Jaribio linalonifurahisha zaidi katika mada nzima ni la mwaka 2008, la Haering na wenzake, na nimelipa onyesho lake. Walichukua kromosomu ndogo za duara ndani ya hamira. Wakaweka sisteini, aina ya asidi ya amino, kwenye viungo viwili vya pete, mahali ambapo kemikali moja inaweza kuvifunga visifunguke tena, na kiungo cha tatu wakakifunga kwa kuziunganisha Smc3 na Scc1 kuwa protini moja. Kisha wakapasha kila kitu moto pamoja na SDS, sabuni kali inayozilegeza protini zikapoteza maumbo yao. Kitu kinachoshikana kwa kugusana kisingepona hapo. Ila pete iliyokwisha kufungwa pande zote haiwezi kuiachia duara iliyomo ndani yake hata ikipoteza umbo, na kweli, DNA mbili zilibaki pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 2005, ilishaonyeshwa kwamba ukiikata Scc1, au ukiikata DNA ya duara ikawa uzi wenye ncha mbili, kohesini na DNA huachana. Kwenye filamu tunaonyesha mikato yote miwili upande kwa upande, bila maneno.

2 Februari

Vipimo. DNA ina unene wa nanomita 2, nukleosomu (DNA iliyojizungusha kwenye protini) 11, pete iliyotanuka inakaribia 40 hadi 50. Tukichora nanomita moja kwa pikseli kumi, pete inajaa vizuri kwenye skrini na DNA inaonekana kama uzi. Kwa kipimo hicho hicho kiini kizima kingehitaji pikseli laki moja kwa upana. Kwa hiyo kamera haitavuta kutoka kiini hadi pete kwa mwendo mmoja. Tutakata.

9 Februari

Leo nimeandika onyesho ambalo kwangu ndilo moyo wa kazi, na halina picha ya kuvutia hata kidogo.

Mwaka 1998 Uhlmann na Nasmyth waliuliza swali la saa. Waliacha hamira zinakili DNA zikiwa hazina Scc1, kisha wakaiwasha Scc1 baada ya kunakili kwisha. Protini ilitengenezwa. Ilikwenda kwenye kromosomu na kukaa pale pale inapokaa siku zote. Ila dada hawakushikana. Pete zilikuwepo, DNA mbili zilikuwepo, na hakuna kilichofungwa. Ilipowashwa kabla ya kunakili, au wakati wa kunakili, mambo yalikwenda sawa.

Maana yake ni kwamba kuwa na pete hakutoshi. Kuna jambo linalotokea wakati panda ya kunakili, mahali DNA inapogawanyika ili inakiliwe, inapita, ambalo likikosa nafasi yake halilipwi baadaye. Mwaka uliofuata makundi mawili yalikitambua kimeng'enya kinachohitajika wakati huo tu. Wengine walikiita Eco1, wengine Ctf7. Ukikizima wakati wa kunakili, dada wanaachana. Ukikizima baada ya hapo, hakuna kinachoharibika.

Mwalimu anaona onyesho hili ni zito kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mimi naona likiondolewa filamu nzima inageuka tangazo la pete. Linabaki. Tutaweka saa mbili kwenye skrini, moja ya kunakili na moja ya Scc1, na safu mbili za hamira chini yake, kila kromosomu ikiwa na alama moja inayong'aa. Dada wakishikana unaona nukta moja. Wakiachana unaona mbili. Hivyo ndivyo wanavyoona kwenye hadubini, wakiipaka sehemu moja ya kromosomu protini inayong'aa kijani.

17 Februari

Panda imekutana na pete, na Blender imetulazimisha kufikiri.

Kwa kawaida programu hii inaruhusu vitu kupitana. Uzi unaingia kwenye ukuta na kutokea upande wa pili bila shida, na mtazamaji haoni lolote kama kamera iko mbali. Ukitaka vitu vigongane unawasha mgongano, na ukiuwasha kompyuta inaanza kulia. Mchoraji alikuwa ameuzima. Nikamwomba auwashe kwa onyesho hili tu, kwa sababu swali zima la mwaka 1998 limo kwenye mgongano huo: mashine ya kunakili inakuja, mbele yake kuna pete iliyoizunguka DNA. Inafanyaje?

Uwezekano wa kwanza ni kwamba inapita katikati. Chukua zipu, ifunge, pitisha pete ya kidole juu yake, kisha vuta kishikizo kipenye ndani ya pete. Ukifaulu, pande zote mbili za zipu iliyofunguka zitakuwa ndani ya pete bila pete kufunguka hata mara moja. Kwa seli hiyo ingekuwa zawadi: pete iliyoshika DNA moja inatoka upande wa pili ikiwa imeshika mbili, na DNA hizo haziwezi kuwa nyingine ila dada.

Tukauwasha mgongano. Helikesi inayofungua DNA, polimerasi inayoinakili na protini zinazoambatana nazo, tulizozichora kwa kipimo, zilifika kwenye pete na kuisukuma. Pete ikateleza mbele yake kando ya DNA, fremu baada ya fremu. Tukiifunga pete isiteleze, panda inasimama. Tukiitanua pete iwe duara kamili, mashine inapita kwa kubanana, na kompyuta inachukua usiku mzima kuchakata sekunde chache.

Hili haliamui lolote kuhusu seli, ni plastiki ya kompyuta. Ila halikutushangaza. Mwaka 2016 majaribio ya molekuli moja moja yalionyesha kohesini ikiteleza kwenye DNA na kuzuiwa na vikwazo vidogo kuliko upana wa pete iliyotanuka. Na picha za hadubini ya elektroni za miaka ya karibuni zinaonyesha fimbo za Smc zikiwa zimekunjika kwenye kiwiko, na DNA imebanwa karibu na vichwa. Ile pete ya duara inayoelea kwa raha huenda ni ya kwenye michoro zaidi kuliko ya kwenye seli.

Uwezekano wa pili ni pete ifunguke kidogo, au itoke na kuwekwa upya nyuma ya panda. Wa tatu ni kwamba pete inayofanya kazi haikuwepo kabisa mbele ya panda, na inapakiwa mpya kwenye DNA inayotoka.

Jambo moja la kando. Panda ya seli ya mamalia hutembea takriban jozi 1,500 za besi kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Kila jozi inachukua nanomita 0.34, kwa hiyo panda inasonga nanomita 8 na nusu hivi kwa sekunde. Pete ya nanomita 40 inapitwa kwa sekunde tano. Onyesho hili ndilo pekee katika filamu ambalo tunaweza kulicheza kwa kasi yake halisi, na tumeamua kufanya hivyo, na maandishi madogo pembeni ya kusema hivyo.

24 Februari

Nimetumia siku hizi kusoma ni upi kati ya uwezekano ule unaoungwa mkono. Jibu linalonitosha kwa filamu ni kwamba hamira inatumia zaidi ya mmoja.

Dalili zilikuwepo zamani. Kuna protini kadhaa zinazosafiri na panda, na ukiondoa mojawapo dada wanalegea ila hawaachani kabisa. Ukiziondoa mbili mbili, baadhi ya jozi hazina madhara zaidi ya moja, na baadhi zinaua. Ndivyo wanajenetikia wanavyojua kwamba kuna njia mbili sambamba. Upande mmoja kuna Tof1, Csm3, Ctf4 na Chl1. Upande wa pili kuna Ctf18 na wenzake. Mwaka 2020 kundi la Nasmyth liliunganisha njia hizo na kazi zake: ile ya kwanza huzigeuza pete zilizokuwepo mbele ya panda ziwe za kushika dada wawili, ya pili hupakia pete mpya kwenye DNA inayozaliwa, na hiyo ya pili ndiyo inayomhitaji mpakiaji wa kawaida wa kohesini, Scc2, wakati wa kunakili.

Kuna kipande kimoja zaidi ambacho nimekipenda mno. Mwaka 2018 maabara ya Uhlmann ilionyesha, nje ya seli, kwamba kohesini iliyokwisha kushika DNA ya nyuzi mbili inaweza kukamata DNA ya pili, ila ikiwa tu hiyo ya pili ni ya uzi mmoja. Ya nyuzi mbili haiikamati. Uzi huo ukishakamilishwa kuwa wa nyuzi mbili, mshiko unakuwa imara. Sasa, DNA ya uzi mmoja inapatikana wapi kwa wingi? Nyuma ya panda, upande unaonakiliwa kwa vipande vifupi vifupi, vile vya Okazaki, ambavyo kwa seli za aina yetu vina urefu wa nukleotidi 100 hadi 200. Mahali hapo uzi mmoja unakaa wazi kitambo kidogo kabla ya kufunikwa. Pete iliyosimama hapo ikiwa imeshika dada wa kwanza inakuta dada wa pili akiwa katika hali pekee anayoweza kukamatwa. Dakika chache baadaye nafasi imefungwa.

Onyesho la pandani sasa lina sehemu mbili zinazocheza kwa zamu, pete inayogeuzwa na pete inayopakiwa. Kwa ile inayogeuzwa hatuonyeshi jinsi pete inavyopitwa. Kamera inapita nyuma ya mashine ya kunakili na kutokea upande wa pili, ambako pete imeshika dada wawili. Mchoraji anaona huo ni ujanja. Nami nakubali kwamba ni ujanja, ila kuchora kitu ambacho hakijaamuliwa kana kwamba kimeamuliwa ni ujanja mbaya zaidi.

1 Machi

Kompyuta ya kuchakata imeharibika feni. Wiki hii ni muswada tu.

4 Machi

Kufuli. Pete nyingi hazikai. Kabla ya kunakili, kohesini hupanda DNA na kushuka kwa muda wa dakika, na anayezishusha ni protini inayoitwa Wapl ikisaidiana na Pds5, kwa kufungua kiungo kilicho kati ya Smc3 na Scc1. Pete zinazoshika dada zinatakiwa zidumu saa nyingi. Kwa hiyo mahali fulani lazima Wapl izuiwe, na hapo ndipo Eco1 ya mwaka 1999 inapopata kazi yake.

Mwaka 2008 ilibainika kwamba Eco1 huweka asetili, alama ndogo ya kikemikali, kwenye Smc3, kwenye asidi mbili za amino aina ya lisini zilizo kichwani, namba 112 na 113 katika hamira. Alama hiyo ndiyo inayoifanya pete isifunguliwe na Wapl. Eco1 husafiri karibu na panda na hushikana na PCNA, ile protini inayoizunguka DNA na kuibana polimerasi isidondoke. Kwa hiyo alama inawekwa mahali dada wanapozaliwa, muda huo huo. Ukitaka ushahidi kwamba adui ni Wapl, hamira isiyo na Eco1 hufa, na hamira isiyo na Eco1 wala Wapl huishi, ingawa mshiko wa dada wake si mzuri kama wa kawaida. Hilo la mwisho lisirukwe: linaonyesha kwamba kumzuia Wapl si kazi yote.

Katika wanyama wenye uti wa mgongo kuna mlinzi wa ziada, sororini, anayekuja kukaa kwenye Pds5 pete ikishatiwa asetili na kumnyima Wapl nafasi.

Kwenye skrini asetili ni nukta mbili nyekundu kichwani mwa Smc3. Tumejadili kama Wapl ipewe sura ya mhalifu. Hapana. Bila Wapl seli ina matatizo yake, na muda si mrefu tutaihitaji Wapl hiyo hiyo kuifungua mikono ya X.

12 Machi

Kukata. Hii ndiyo sehemu inayochezeka vizuri kuliko zote, na nimeiandika kwa haraka.

Kwenye mitosisi ya seli zetu pete nyingi za mikononi huondolewa mapema na Wapl, pete zikiwa nzima. Za sentromea zinabaki kwa sababu protini ya shugoshini imekaa hapo na kimeng'enya kinachoitwa PP2A, ambacho hufuta fosfeti ambazo zingelegeza ulinzi. Hapa X inaingia kwenye filamu. Spindeli inavuta dada huku na huku, pete zinakataa, na mvutano huo ndio seli inaoutumia kujua kwamba kila dada ameshikwa na upande wake. Kromosomu moja tu ikiwa haijashikwa sawasawa, seli inasubiri.

Zote zikiwa tayari, protini ya sekyurini inaharibiwa na kimeng'enya ilichokuwa imekizuia, separasi, kinaachiliwa. Separasi inaikata Scc1 mahali pawili. Mwaka 2000 Uhlmann na wenzake walithibitisha kwamba mkato huo peke yake unatosha: waliweka ndani ya Scc1 sehemu inayokatwa na kimeng'enya cha virusi, TEV, kisha wakakiwasha ndani ya hamira zilizosimamishwa kwenye metafezi, hatua iliyo kabla tu ya anafezi. Dada wakaachana. Seli haikuwa na haja ya ruhusa nyingine yoyote.

Mchoraji amefanya pete zikatike zote ndani ya fremu chache. Nimemwomba asirefushe. Watu wakiona anafezi kwenye hadubini kwa mara ya kwanza hushangaa ilivyo ya ghafla baada ya kusubiri kote kule.

19 Machi

Maoni ya mwalimu yamerudi, kurasa nne. Mengi ni ya lebo. Mawili ni ya msingi.

La kwanza: tunasema pete moja inazizingira DNA mbili kana kwamba hakuna anayebisha. Wapo. Kundi la Koshland kwa miaka mingi limekuwa likileta ushahidi kwamba kohesini zinashirikiana, na kwamba huenda mshiko unahitaji zaidi ya pete moja. Jaribio la 2008 lina nguvu kwa kromosomu ndogo za duara, nami naegemea pete moja, ila msimulizi sasa atasema kwamba picha hii ndiyo yenye ushahidi mwingi zaidi, na hapo hapo skrini itaonyesha kwa sekunde mbili pete mbili zilizoshikana, kila moja na DNA yake.

La pili: anataka magonjwa. Nilikuwa nimeyakwepa kwa sababu huwa yanawekwa mwishoni kama kodi ya kulipia sayansi ya msingi. Ila amenishawishi kwa mfano wa yai. Katika mwanamke, DNA ya mayai hunakiliwa kabla hajazaliwa, na dada hushikwa tangu wakati huo na kohesini yenye Rec8 mahali pa Scc1. Mayai hukaa hivyo miaka, mengine hadi miaka arobaini na zaidi. Majaribio ya panya ya mwaka 2010 hayakuona pete mpya zikijengwa baadaye katika kipindi hicho cha kusubiri. Ni jaribio la 1998 limerudi kwa sura nyingine: ukishakosa kunakili huna nafasi nyingine ya kufunga, na pete zinazopotea kwa uzee hazirudishwi. Kulegea huko ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za kromosomu kwenda upande usio wake kadiri umri wa mama unavyosogea, ikiwemo kromosomu ya 21.

Ugonjwa wa Roberts unapata sekunde kumi. Unatokana na kasoro kwenye ESCO2, ndugu wa Eco1 katika binadamu, jambo lililojulikana mwaka 2005. Ukitazama kromosomu za mgonjwa, sentromea ambazo zingekuwa zimekazana zimepishana, mistari miwili inakwenda sambamba bila kiuno. Mtazamaji aliyeona X dakika moja nyuma ataona mwenyewe kinachokosekana. Ugonjwa wa Cornelia de Lange nimeuacha nje: unahusu mpakiaji wa kohesini, NIPBL, lakini shida yake kubwa iko kwenye uendeshaji wa jeni, kazi nyingine ya kohesini ya kukunja DNA kuwa vitanzi. Hiyo ni filamu yake peke yake.

27 Machi

Maonyesho yote yamechakatwa isipokuwa la pandani, ambalo linarudiwa kwa sababu nukleosomu zilikuwa zinatoweka mbele ya panda na hazirudi nyuma yake. Sauti ya msimulizi itarekodiwa onyesho hilo likitoka. Muswada umefika dakika sita na sekunde hamsini. Cha kukatwa ni historia, mwaka 1985 hadi 1987, na mchoraji anataka pia kuondoa hamira zinazong'aa za tarehe 9 Februari. Hizo haziondoki. Keshokutwa tunakaa na mwalimu kuamua sekunde hamsini zitoke wapi.